Chuma ndani ya mfupa: ni nini kinachokishika?



Katika kambi zetu ni nani asiyemjua mtu mwenye chuma mwilini? Mmoja aliangukiwa na jiwe chini ya udongo, mwingine aliteleza kwenye ngazi ya kamyo kubwa, mwingine mguu wake ulikamatwa na mkanda wa kubebea mawe. Mfupa ulivunjika. Lopitalini wanganga walimtia msumari mrefu ndani ya mfupa, ao bamba lenye visi. Akarudi nyumbani na magongo mawili na karatasi ya maagizo: usikanyage mpaka tukuambie, usifungue kidonda, usivute tumbako, rudi siku fulani.

Na hapo maneno yanaanza. Shemeji anasema: "Chuma ni chuma, kimefungwa na visi, kitaenda wapi? Kanyaga tu." Mjomba analeta majani ya kupaka. Mgonjwa mwenyewe amechoka kukaa, anaficha magongo chini ya kitanda na kwenda kutembea. Watu wanafikiri kama maagizo yale ni ukali wa wanganga tu.

Si ukali. Leo tunataka kukueleza jambo moja ambalo halionekani kwa macho, lakini ndilo linaloamua kama mguu huo utapona ao utaoza. Jambo lenyewe ni hili: visi zinashika chuma kwa siku za kwanza tu. Kisha ni mwili wenyewe unaotakiwa kukishika. Na mwili haushiki chuma chenyewe. Unashika utando mwembamba sana wa protini ambao damu ilikipaka chuma hicho.

DAMU INAFIKA YA KWANZA

Mama anayefuata mafunzo ya chakula kwenye senta ya afya analijua neno protini. Ni kile kinachopatikana katika samaki, maharagi, mayai, nyama. Tumbo linakivunja vipande vidogo, na kwa vipande hivyo mwili unajitengenezea protini zake wenyewe za kazi mbalimbali. Nyingi kati ya zile zinazotembea katika damu zinatengenezwa na maini. Ukichukua lita moja ya majimaji ya damu, yaani damu iliyoondolewa chembe zake nyekundu na nyeupe, utapata ndani yake gramu 60 mpaka 80 za protini.

Sasa munganga anaingiza chuma safi katika mfupa. Damu inakigusa. Kabla hajafika hata kwenye visi ya pili, protini zimekwisha kujipandika juu ya chuma chote. Ni kazi ya sekunde chache. Utando huo ni mwembamba kupita mawazo: wembe wa kunyolea una unene wa milimita 0,1, na utando wa protini ni mwembamba kuliko wembe huo mara elfu kumi na zaidi. Seli za mfupa, yaani zile chembe hai zinazojenga mfupa, zinafika nyuma kabisa. Zikifika, hazikuti chuma tena. Zinakuta rangi iliyokwisha kupakwa.

Mtumikaji wa konsantratere hatashangaa. Anajua namna punje za madini zinavyotengwa na mchanga: unga wa mawe unachanganywa na maji, hewa inapulizwa kutoka chini, mapovu yanapanda na punje za madini, mchanga unabaki. Lakini povu halipendi kushika jiwe la malakiti lililo tupu, kwa sababu jiwe hilo linapenda maji. Ndiyo maana wanatia dawa kidogo. Dawa inaivika punje shati jembamba, na povu linashika shati. Katika Katanga hata mafuta ya mawese yametumiwa kwa kazi hiyo. Ukikosea dawa, shaba yako inakwenda na mchanga hata kama jiwe lilikuwa zuri sana. Kwa chuma na mfupa ni hivyohivyo: shati ndilo linaloshikwa.

WANAOPANDA WA KWANZA HAWAKAI

Protini za damu ni za namna nyingi, na si zote zinazofaa kwa seli ya mfupa. Albumini ndiyo nyingi kuliko zote, gramu 35 mpaka 50 kwa lita. Ni ndogo, inakwenda mbio, inafika kwenye chuma mbele ya wengine. Bahati mbaya, seli ya mfupa haipati fasi ya kukamata juu ya albumini. Fibronektini ndiyo inayotafutwa, pamoja na ndugu yake vitronektini. Lakini fibronektini katika damu ni kidogo, kama gramu 0,3 tu kwa lita, na ni kubwa, nzito, inachelewa.

Je, albumini ikishika viti vyote, fibronektini itakaa wapi? Aliyeonyesha kama viti hivyo vinabadilishwa ni Leo Vroman, Mholanzi aliyezaliwa Gouda mwaka 1915 na kufanya kazi yake ya damu huko New York. Uchunguzi wake ulianza kujulikana mwaka 1962. (Huyu alikuwa pia mtunga mashairi mwenye jina kubwa kwao, si kila mtu wa maabara ni mkavu.) Mambo yanakwenda kama kwenye kamyo inayopeleka watumikaji kazini: vijana wepesi wanaruka wa kwanza na kukaa, kisha wazee wanafika polepole, vijana wanasimama na kuwaachia. Protini ndogo zinatoka, na zile kubwa zinazoshika kwa nguvu zaidi zinakaa fasi yao. Lakini inategemea chuma kilivyo. Kuna chuma ambacho albumini inakigandamana nacho isitoke tena.

Fibronektini nayo ni kama uzi mrefu wa shanga, shanga zaidi ya 2000. Mwaka 1984 Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti, huko California, walionyesha kama fasi ambayo seli inaikamata ni shanga tatu tu zinazofuatana: arjinini, glisini na asidi ya aspartiki. Tatu kati ya elfu mbili! Walitengeneza kipande kidogo chenye shanga hizo, na seli zikakikamata.

Seli kwa upande wake ina mikono midogo inayotoboa ngozi yake, kiganja nje, bega ndani. Inaitwa integrini. Kiganja kikishika zile shanga tatu, bega linavuta nyuzi za ndani ya seli, seli inajitandaza kama chapati juu ya chuma, na habari inapelekwa mpaka katikati yake: fasi ni nzuri, kaa, zaa, jenga mfupa. Seli isiyopata cha kushika inabaki mviringo kama punje ya mtama, na baada ya muda inakufa. Haifi kwa njaa wala kwa sumu. Inakufa kwa kukosa fasi ya kushika.

SAHANI YENYE MAFUTA

Kuna tena tatizo la umbo. Uzi wa shanga unaweza kujikunja hata zile tatu zinazotakiwa zikafichwa ndani. Fibronektini ipo, lakini kiganja cha seli hakiioni. Hilo linatokea hasa juu ya vitu vinavyochukia maji. Mama, angalia jikoni: tone la maji kwenye sahani yenye mafuta linabaki duara na kutambaa, kwenye sahani iliyooshwa vizuri linatandaa. Juu ya kitu kama sahani yenye mafuta, protini zinaanguka na kulala vibaya, zinajifungua na kujikunja ovyo. Juu ya kitu kinachopenda maji, kwa kiasi, zinakaa vema zaidi na kuonyesha shanga zao.

Hapo ndipo jina la titani linapoingia. Mwaka 1952, katika mji wa Lund, Uswidi, munganga Per-Ingvar Brånemark aliweka vifaa vidogo vya titani ndani ya mifupa ya sungura ili aangalie mwendo wa damu. Alipotaka kuvitoa avitumie tena, mfupa ulikuwa umevishika, havitoki. Pengine mtu mwingine angekasirika na kununua vingine. Yeye aliuliza sababu. Mwaka 1965 alimtilia mgonjwa wa kwanza visi za titani katika mfupa wa taya ili zibebe meno, na zilishika. Titani ikiguswa na hewa inajivika yenyewe ngozi nyembamba ya oksidi. Ngozi hiyo haipati kutu ovyo, ikiwa safi inapenda maji, na fibronektini inaipenda.

Ikiwa safi, tunasema. Kundi la Takahiro Ogawa huko Los Angeles lilionyesha kama titani iliyowekwa wiki nyingi bila kutumiwa inakusanya uchafu wa kaboni kutoka katika hewa yenyewe, mpaka tone la maji halitandai tena, protini zinapungua na seli zinakuja kidogo. Mwanga wa urujuanimno unairudishia nguvu. Basi usidharau mtu wa lopitali anayekataa kugusa chuma kwa kidole hata kama amevaa glavu. Alama ya kidole yenye mafuta ni nene mara nyingi kuliko utando wote tunaouzungumzia hapa.

Na kobalti yetu? Nayo imo katika habari hii. Kobalti ikiyeyushwa pamoja na kromi na molibdeni inatoa chuma kigumu kisicholika na maji ya mwili. Mwaka 1938, huko Boston, munganga Marius Smith-Petersen alianza kutumia vikombe vya chuma cha namna hiyo kwa viungo vya nyonga vilivyoharibika. Wakati ule Katanga ilikuwa tayari ikitoa kobalti. Mpaka leo vichwa vingi vya nyonga za bandia ni vya kobalti na kromi, kwa sababu vinavumilia kusuguliwa. Lakini fasi ile inayotakiwa kushikwa na mfupa, mara nyingi wanapendelea titani, ao wanaijaza vishimo vidogo ili mfupa uingie.

Utauliza: kwa nini kiwanda kisipake kabisa ile protini nzuri mbele, kisingoje bahati ya damu? Wamejaribu, na wangali wanajaribu. Wamepaka kolajeni, wamegandisha zile shanga tatu peke yake. Katika vyombo vya maabara matokeo yalikuwa mazuri sana. Ndani ya wanyama yalikuwa mara hivi, mara vile. Sababu si ngumu: katika chombo hakuna damu nzima. Ndani ya mwili damu inakuja na kupaka rangi yake juu ya rangi ya kiwanda. Kwa maoni yetu kilichosaidia zaidi mpaka sasa ni kitu kisicho na ujanja mwingi: kupaka chuma unga wa madini unaofanana na jiwe la mfupa wenyewe, yaani kalsiamu na fosfati. Ronald Furlong alitia nyonga ya kwanza yenye mpako huo mjini London mwaka 1985. Unga huo unazikamata fibronektini na vitronektini vizuri, kisha unaacha mwili ufanye kazi yake.

Tusikuchanganye: si kila chuma kinatakiwa kushikwa milele. Nyonga ya bandia na visi ya jino lazima zishikwe. Msumari wa mguu na bamba ni wasaidizi; vinabeba uzito mpaka mfupa uungane. Mara nyingi bamba linasuguliwa mpaka linang'aa makusudi, ili siku moja liweze kutolewa bila kuvunja mfupa. Lakini juu ya vyote, bila kubagua, utando wa damu unapakwa. Na sasa tunafika kwenye jambo baya.

VIJIDUDU NAVYO VINA MIKONO

Shati lile linaloiita seli ya mfupa linaita pia adui. Kijidudu kinachoitwa stafilokoki ya dhahabu, ambacho watu wengi wenye afya wanakibeba katika pua bila kujua, kina mikono yake ya kukamata fibronektini. Kinatafuta ukuta uleule. Mwaka 1987 munganga Mmarekani Anthony Gristina aliyaita mambo haya mashindano ya mbio: seli za mwili na vijidudu vinakimbilia chuma kimoja. Seli zikifika mbele na kutandaa, kijidudu kinakuta fasi imejaa. Kijidudu kikifika mbele, kinazaa, kinajijengea paa la utelezi juu yake, na chini ya paa hilo dawa haifiki vizuri, wala askari weupe wa damu. Chuma hakina mishipa ya damu, hakiwezi kujitetea.

Hesabu moja itakuonyesha uzito wa jambo. Mwaka 1957, huko London, Elek na Conen walipima kwa watu waliojitolea ni stafilokoki ngapi zinatakiwa ili ngozi ifanye usaha. Bila kitu kigeni zilitakiwa milioni kadhaa. Penye uzi wa kushonea wa hariri zilitosha mia chache. Uzi tu! Basi fikiria bamba la sentimita 15 lenye visi nane.

Kwa hiyo majani ya mjomba, tumbako iliyotafunwa, mafuta ya breki, majivu, udongo wa kichuguu, vyote hivyo juu ya kidonda kilicho na chuma chini yake ni kuwapa vijidudu usafiri wa bure. Hatumtukani mjomba. Anataka kusaidia, na kwa mfupa uliovunjika bila kutoboa ngozi kuna mafundi wa kienyeji wanaojua kufunga vijiti vizuri. Lakini penye chuma ao ngozi iliyopasuka, mkono wake usifike. Mwambie kwa heshima: "Mjomba, ngoja kwanza kidonda kifunge." Hata kumkanda mgonjwa kwa maji ya moto kunafungua njia.

Kazini pia mbio zinaanza mapema kuliko unavyofikiri, wakati mgonjwa angali amelala chini. Mwenzako akivunjika na mfupa ukatoboa ngozi, usiurudishe ndani, maana utaingiza vumbi na grisi mahali chuma kitakapowekwa kesho. Funika kwa kitambaa safi kabisa mlicho nacho, bana damu kwa mkono juu ya kitambaa, funga mguu kwenye ubao kama ulivyo, ita shefu na ambulansi. Waambie saa aliyoumia. Dawa ya kuua vijidudu inatakiwa kuanza upesi, ikiwezekana katika saa ya kwanza, na sindano ya pepopunda vilevile.

KANYAGA, USIKANYAGE

Sasa turudi kwa yule aliyeficha magongo. Seli iliyoshika chuma inataka utulivu. Wapimaji wameona kama chuma kinachotakiwa kushikwa kikichezacheza karibu milimita 0,15 kila mara, mfupa haujengwi juu yake. Mwili unaweka nyama laini ya kovu, na chuma kinabaki kulegea. Milimita 0,15 ni wembe mmoja na nusu. Mgonjwa hasikii kitu, anasema mguu uko sawa, lakini kila hatua inang'oa mikono ya seli zilizoshika jana.

Lakini usichukue habari hii kuwa sababu ya kulala miezi mitatu. Kwa msumari wa mguu munganga mara nyingi atasema kanyaga mapema, kwa sababu uzito kidogo unausaidia mfupa kuungana. Kwa bamba ao nyonga fulani atasema ngoja. Jirani yako aliruhusiwa siku ya tatu, wewe umeambiwa wiki nane: si upendeleo, ni chuma tofauti na mvunjiko tofauti. Uliza mwenyewe, na uliza ni kilo ngapi unaruhusiwa kuweka. Mizani ya kupimia unga wa mahindi itakufundisha: simama kwa mguu mzima, weka ule mgonjwa juu ya mizani, sukuma mpaka usome kilo 20, ujue zinavyoonekana.

Juu ya tumbako tuseme wazi. Kwa mvutaji, hatari ya mfupa kukataa kuungana ni karibu mara mbili. Moshi unabana mishipa midogo ya damu, na damu ndiyo inayoleta seli kwenye mbio. Wiki za mgonjwa mguuni si wakati wa kumletea sigara kama zawadi; mletee samaki, maharagi, mayai. Protini unayokula haiendi moja kwa moja kwenye chuma, tumekwisha kueleza. Lakini mwili wenye njaa hauna matofali ya kutengeneza zake. Mwenye ugonjwa wa sukari afuate dawa yake bila kuruka siku, kwa sababu sukari nyingi katika damu inawachelewesha askari weupe.

Rudi lopitali siku hiyohiyo, usingoje miadi, ukiona haya: kidonda kilichokwisha kukauka kinatoa maji tena, wekundu unapanda, homa, maumivu yaliyokuwa yamepungua yanarudi usiku. Ndani ya wiki chache za kwanza munganga anaweza mara nyingi kuosha na kukiacha chuma. Ukichelewa mpaka paa la vijidudu limekomaa, pengine itabidi kutoa chuma chote na kuanza upya. Hata baada ya miaka, jipu kubwa la ngozi ao jino lililooza linaweza kupeleka vijidudu kwa njia ya damu mpaka kwenye nyonga ya bandia. Mwambie munganga wa meno kama una chuma.

Na ile karatasi ya lopitali, bibi aitunze pamoja na vitambulisho, isitumiwe kufungia karanga. Imeandikwa ni chuma cha namna gani, kilitiwa tarehe gani, visi ni za kiwanda gani. Siku ya kukitoa, labda mkiwa mmehamia mji mwingine, munganga atahitaji kujua achukue bisibisi gani, maana vichwa vya visi havifanani.